Sura ya Tano: Kila Sanamu na Dua Yake

Mwaka 495, mwanamke wa ukoo wa Yuchi, mke wa waziri mkubwa katika dola ya Wei ya Kaskazini, alikuwa amefiwa na mwanawe aitwaye Niujue. Akawatafuta mafundi wa mawe, akawalipa wachonge sanamu ya Maitreya, Buddha anayesubiriwa kuja katika zama zijazo, ndani ya pango lililokuwa ndiyo kwanza linachimbwa kwenye jabali la kando ya mto Yi, kusini ya mji wa Luoyang nchini China. Pamoja na sanamu akaagiza yachongwe maneno: cheo na jina la mumewe, ukoo wake yeye mwenyewe, jina la mtoto, na maombi. Anaomba Niujue atoke katika ulimwengu huu wa kuzaliwa na kufa, aende kusiko na kizuizi. Akizaliwa tena, azaliwe mbinguni waliko Mabuddha. Ikiwa ni hapa duniani, basi apate mahali pa raha. Kama yumo matesoni, afunguliwe. Kisha, akiisha kumwombea mwanawe kwa kila njia aliyoijua, anaomba viumbe vyote vishiriki baraka hiyo.

Maneno hayo yanasomeka mpaka leo, na nimeanza nayo kwa makusudi. Jabali hilo, ambalo dunia inalijua kwa jina la Longmen, lina mapango na vishubaka zaidi ya 2,300 katika urefu wa kama kilomita moja ya kingo za mto. Ndani yake zimo sanamu zinazokaribia 110,000, kubwa kupita nyumba ya ghorofa nne na ndogo kuliko kidole gumba. UNESCO iliyaingiza mapango hayo katika orodha ya urithi wa dunia mwaka 2000. Wageni wengi hupanda ngazi moja kwa moja hadi kwenye sanamu kubwa kuliko zote, wakaitazama kwa mshangao inaoustahili, wakashuka. Lakini Longmen ina pia maandishi yapatayo 2,800 yaliyochongwa mwambani, na humo ndimo wanamoishi watu: nani alilipa, alimlipia nani, aliomba nini, mwaka gani. Asiyeyajali maandishi hayo ameona mawe tu.

Ilikuwaje watu wachonge hapo? Watawala wa Wei ya Kaskazini hawakuwa Wachina kwa asili. Walikuwa ukoo wa Tuoba wa kabila la Xianbei, wapanda farasi wa nyika za kaskazini, na makao yao makuu yalikuwa Pingcheng, karibu na mji unaoitwa Datong siku hizi. Mwaka 446 mfalme wao mmoja aliwatesa Wabuddha vikali, akavunja mahekalu na kuchoma vitabu. Mateso yalipokwisha na dini ikarudishiwa heshima, mtawa Tanyao alimshauri mfalme mpya achonge Mabuddha ndani ya mlima. Kazi hiyo ilianza mwaka 460 huko Yungang. Naona hekima ya watu walioumizwa katika shauri hilo, maana hekalu la mbao huteketea kwa usiku mmoja, lakini mlima hauchomeki.

Mfalme Xiaowen alipohamishia makao makuu Luoyang mwaka 493 na 494, mafundi walikuja naye na uzoefu wao wote. Alitaka kuwageuza watu wake wawe kitu kipya. Alipiga marufuku lugha ya Xianbei barazani, akakataza mavazi ya kinyika, na mwaka 496 akabadili hata jina la ukoo wake, kutoka Tuoba kuwa Yuan. Ukitaka kuyaona mageuzi hayo usiyatafute katika vitabu vya sheria, tazama nguo za Mabuddha. Kule Yungang, wale wa mwanzo wana mabega mapana na joho lililobana mwili kwa mtindo wa India na Asia ya Kati. Huku Longmen wamekonda, nyuso zimerefuka, shingo ni nyembamba, na wamevaa majoho mapana ya waungwana wa Kichina yenye mkanda kifuani, mikunjo ikishuka mpaka chini ya kiti. Mfalme alibadili mavazi ya maofisa wake, na fundi akayabadili ya Buddha.

Jiwe nalo lilikuwa jingine. Yungang ni jiwe la mchanga, laini, rahisi kuchimba, na upesi kumomonyoka. Longmen ni jiwe la chokaa, gumu na lenye chembe ndogo. Humchosha fundi na kumlia tindo zake, lakini likishapokea mstari hulishika. Ndiyo maana herufi ndogo zilizochongwa na mkono wa mtu karne ya tano bado zina ncha zake. Kama mama yake Niujue angetoa sadaka yake Yungang, huenda tusingelijua jina la mtoto.

Kazi ilianzia juu. Mafundi walikata kwanza uso wa genge ili upate kunyooka, wakatoboa karibu na pale patakapokuwa dari, kisha wakashuka wakitoa mawe na kuchonga kadiri walivyoteremka. Kilichochongwa hakibandikwi tena. Pua ikivunjika imevunjika, na fundi hana budi kuusogeza uso mzima nyuma. Yote yakiisha zilikuja rangi. Tumezoea kuyaona mapango haya ya kijivu tukadhani ndivyo yalivyokusudiwa, lakini yalipakwa nyekundu, buluu, kijani na dhahabu, na hadi leo masalia ya rangi yamejificha ndani ya mikunjo ya nguo.

Pango alimochongewa Niujue linaitwa Guyang, nalo ni la kwanza kwa umri pale Longmen. Kuta zake zimejaa vishubaka kuanzia usawa wa macho mpaka darini, kila kimoja na mfadhili wake. Mtawa Huicheng alimchongea marehemu baba yake, Mkuu wa Shiping, na maandishi yake ya mwaka 498 ni ya pekee: herufi hazikuchimbwa ndani, zimeachwa zikisimama juu ya jiwe, kila moja katika mraba wake, na aliyeyaandika kwa brashi, Zhu Yizhang, ametajwa kwa jina. Wasomi wa nasaba ya Qing, zaidi ya miaka elfu moja baadaye, walichagua maandishi ishirini ya Longmen kuwa kielelezo cha mwandiko. Kumi na tisa kati yake yanatoka Guyang. Walibandika karatasi nyevu juu ya jiwe, wakaigongagonga taratibu mpaka ikaingia katika kila mchirizi, kisha wakaipaka wino, na herufi zikatokea nyeupe juu ya weusi. Dua ya mama kwa Niujue ni mojawapo ya hayo ishirini. Wanaojifunza mwandiko wa brashi wanainakili mpaka leo, mstari kwa mstari.

Msomaji asidhani jabali lilikuwa la matajiri peke yao. Katika Guyang hiyo hiyo yapo maandishi ya mwaka 502 ya Sun Qiusheng na wenzake mia mbili, waliochanga kwa pamoja na majina yao yakaorodheshwa. Vyama vya namna hii vilikuwa vingi Kaskazini mwa China wakati huo. Waumini wa eneo moja, mara nyingi wakiongozwa na mtawa, waliweka fedha zao mahali pamoja mpaka zikatosha kumlipa fundi. Yeyote aliyekulia penye upatu au chama cha kina mama hahitaji maelezo marefu: aliye na kidogo anakitoa, jina linaandikwa, na hakuna anayesahaulika siku ya hesabu. Karibu miaka mia mbili baadaye, mwaka 689, chama cha wauza manukato wa Soko la Kaskazini la Luoyang kilichonga chumba chake. Miongoni mwa majina ya wanachama wamo watu wa koo za An na Kang, ambazo asili yake ni Bukhara na Samarkand. Wafanyabiashara wa kigeni waliona inafaa kuyaacha majina yao ukutani pamoja na ya wenyeji.

Nafsi za kifalme nazo zilikuja na mipango mikubwa kuliko uwezo. Mwaka 500 mfalme Xuanwu aliamuru yachimbwe mapango mawili kwa ajili ya wazazi wake, marehemu Xiaowen na malkia Wenzhao. Hesabu ya kazi hiyo imehifadhiwa katika historia rasmi ya nasaba, na kwangu mimi hakuna ukurasa wa kale ulio wazi zaidi juu ya tamaa na gharama. Mpango wa kwanza uliiweka dari futi 310 za enzi hizo kutoka chini. Kufikia mwaka 505 walikuwa bado wanaukata mlima tu, hawajachonga hata kidole cha sanamu. Ofisa mmoja, Wang Zhi, akasema waziwazi kwamba ni juu mno na kazi haitakwisha, akaomba iteremshwe hadi futi 100. Baadaye Liu Teng, towashi mwenye nguvu barazani, akaongeza pango la tatu kwa ajili ya Xuanwu mwenyewe. Hadi mwezi wa sita wa mwaka 523 zilikuwa zimetumika siku za kazi 802,366. Na baada ya yote hayo, ni pango la katikati peke yake lililokamilika. Dola ilikuwa inapasuka. Mwaka 534 iligawanyika, na Luoyang ikabaki magofu.

Mapango mawili ya pembeni yalimaliziwa baadaye na watu wengine, kwa wafu wengine. Lile la kusini lilikamilishwa na Li Tai, mwana wa mfalme Taizong wa nasaba ya Tang, kwa ajili ya mama yake, malkia Zhangsun, na jiwe la kumbukumbu la mwaka 641 liliandikwa na Chu Suiliang, mmoja wa mabingwa wa mwandiko wa zama hizo. Pango lililoanzwa na mwana kwa wazazi wake likamaliziwa na mwana mwingine kwa mama yake, karne moja na zaidi baadaye. Siasa za kifalme zilikuwamo pia, kwa kuwa Li Tai alikuwa akiwania urithi wa kiti. Lakini sioni sababu ya kudhani kwamba mtu mwenye tamaa hawezi pia kumlilia mama yake.

Sasa tupande ngazi hadi kwenye ile kubwa. Fengxian ni uwanja mpana uliokatwa ndani ya mlima, wazi kwa mbele, na katikati ameketi Buddha Vairochana, Buddha wa nuru ienezayo kila mahali. Urefu wake ni mita 17.14. Kichwa peke yake ni mita 4, na kila sikio karibu mita 1.9. Kulia na kushoto wamesimama wanafunzi wawili, bodhisatva wawili (watakatifu walio njiani kuwa Mabuddha), wafalme wa mbinguni wawili na walinzi wawili wenye misuli iliyotutumka, mmoja wa wale wafalme akiwa amemkanyaga jini. Mfalme Gaozong wa Tang ndiye aliyeamuru kazi ianze. Mwaka 672 mkewe, Wu, alitoa mitungo 20,000 ya sarafu kutoka katika posho yake ya vipodozi, na sanamu ikamalizika mwishoni mwa mwaka wa 675 kwa kalenda ya Kichina. Miaka kumi na mitano baadaye mwanamke huyo alijitangaza kuwa mfalme kwa jina lake mwenyewe, mwanamke pekee aliyewahi kufanya hivyo katika historia ya China.

Watu husema uso wa Vairochana ni wa Wu. Ni hadithi inayopendwa, lakini haina ushahidi wa enzi hizo. Maandishi kwenye kiti cha Buddha, yaliyochongwa mwaka 722, yanatupa kitu ninachokithamini zaidi: yanamtaja mtawa Shandao na mwenzake Huijian waliosimamia kazi, halafu yanawataja mafundi Li Junzan, Cheng Renwei na Yao Shiji. Nyakati hizo fundi wa mawe kutajwa kwa jina penye fedha za malkia lilikuwa jambo adimu. Ukimtazama Vairochana kutoka chini, macho yake yanakutana na yako, kwa sababu uso umeinamishwa kidogo na kichwa kimefanywa kikubwa kuliko kipimo cha kawaida, ili asiyeweza kupanda asipitwe. Wu alitoa fedha; pembe ya uso huo iliamuliwa na mafundi. Na juu ya mwamba mafundi wakachimba mfereji wa kuyapeleka maji ya mvua pembeni, kwa kuwa walijua adui wa jiwe la chokaa ni maji yanayolitafuna kidogo kidogo kupitia nyufa. Wahifadhi wa leo bado wanapigana vita hiyo hiyo.

Hatua chache kutoka hapo lipo pango la Mabuddha Elfu Kumi, lililomalizika mwaka 680, ambalo kuta zake zimepangwa Mabuddha wadogo 15,000, kila mmoja wa sentimita 4 hivi. Walioongoza kazi walikuwa wanawake wawili, Yao Shenbiao, ofisa wa jumba la kifalme, na mtawa Zhiyun. Ukihesabu kutoka kwa mama yake Niujue hadi hapa, unaona jinsi fedha na nia za wanawake zilivyolijaza jabali hili.

Kuna pango dogo ambalo watalii hulipita haraka, nami ningependa wasilipite. Pembeni mwa mlango wake zimechongwa tiba zaidi ya mia moja: dawa za malaria, za kutapika, za maumivu ya moyo, nyingi zikitumia mimea ambayo maskini aliweza kuipata bila kununua. Dawa ilikuwa sadaka kama sanamu ilivyokuwa sadaka. Aliyepita njiani akiwa mgonjwa, au aliyeacha mgonjwa nyumbani, aliweza kusoma ukutani na kwenda zake. Baadhi ya tiba hizo zilivuka bahari, na tabibu wa Kijapani Tanba no Yasuyori akazinukuu katika kitabu chake kikubwa cha utabibu cha mwaka 984.

Ng'ambo ya mto, kwenye mlima wa mashariki, alizikwa mshairi Bai Juyi mwaka 846. Uzeeni alikaa sana katika hekalu la Xiangshan, ambalo alikuwa amelikarabati mwaka 832 kwa fedha alizolipwa kwa kuandika maneno ya kaburi la rafiki yake Yuan Zhen. Lakini jambo lake ninalolipenda kuliko yote ni la mwaka 844. Mbele ya mapango mto Yi ulikuwa na maporomoko na miamba mikali ambapo mashua na magogo yaliyofungwa pamoja yalivunjika kila mara. Majira ya baridi kali mabaharia waliingia majini miguu mitupu kusukuma na kuvuta, na vilio vyao vya njaa na baridi vilisikika usiku kucha. Mzee huyo, mwenye miaka zaidi ya sabini na afya mbovu, alitoa mali yake ili miamba hiyo ivunjwe na njia ipanuliwe. Kwa karne tatu na nusu watu walikuwa wamelipa mafundi wachonge mawe ya Longmen kwa ajili ya thawabu. Bai Juyi aliwalipa wayapasue, kwa nia ile ile.

Mwaka uliofuata, 845, mfalme Wuzong alifunga mahekalu ya Kibuddha nchi nzima na kuwalazimisha watawa warudi uraiani. Longmen ilikuwa imekwisha kupungua kazi tangu uasi wa An Lushan wa mwaka 755 ulioiharibu Luoyang. Sanamu chache ziliongezwa baadaye, kisha jabali likanyamaza. Wenyeji walisahau mengi. Katika Guyang waliupaka mwili wa Buddha mkuu udongo wakamgeuza Laozi, mwalimu wa Watao, na pango likaitwa la Laozi.

Lililofuata linaniumiza kuliandika. Mwaka 1907 mtaalamu wa Kifaransa Édouard Chavannes alifika na kupiga picha pango kwa pango, kisha akazichapisha. Alikuja kwa nia ya elimu, na bila yeye tusingejua mengi yalivyokuwa. Lakini picha hizo ziliwaonyesha pia wafanyabiashara ni nini kilichoko na kiko wapi. Serikali ilikuwa dhaifu, vita vilikuwa kila upande, vijiji vilikuwa na njaa, na makumbusho ya Ulaya, Marekani na Japani yalikuwa na fedha. Kichwa ni rahisi kukikata na rahisi kukibeba. Vikakatwa kwa mamia. Kila kichwa kilichokwenda kiliacha nyuma mwili na maandishi, na kilipofika kabatini kilikuwa hakina tena mama, wala baba, wala mwaka.

Katika pango la katikati la Binyang, lile lililokula zile siku za kazi, pande mbili za mlango zilikuwa na michongo ya ukutani iliyoonyesha mfalme na malkia wakija na misafara yao kutoa heshima. Mwaka 1934 Alan Priest wa Makumbusho ya Metropolitan ya New York alifanya mkataba na mfanyabiashara wa Beijing, Yue Bin, wa kupatiwa michongo hiyo. Ilibomolewa vipande vipande, ikasafirishwa ndani ya magunia, na ikaunganishwa upya kwa plasta. Mfalme yuko New York tangu mwaka 1935. Malkia alikusanywa kipande kwa kipande na Laurence Sickman kutoka masokoni, na sasa yuko Makumbusho ya Nelson-Atkins huko Kansas City. Sickman alisema alikuwa anaokoa kilichokwisha kuvunjwa, nami naamini alimaanisha hivyo. Hata hivyo soko lililovunja ndilo lililolipwa.

Leo watafiti wanazitumia picha zile zile za Chavannes kwa kazi iliyo kinyume: wanalinganisha mipasuko ya shingo, mikunjo ya nguo na alama za tindo, ili kipande kilichoko mbali kijulikane kilitoka ukuta gani. Ndivyo ilivyowezekana, mwaka 2001, Makumbusho ya Taifa ya Sanaa ya Kanada kukirudisha Longmen kiwiliwili cha Mahakashyapa, mmoja wa wanafunzi 29 waliochongwa kuzunguka kuta za pango la Kanjing. Kwa michongo ya Binyang hoja ya kurudisha ina nguvu zaidi. Ukuta wake unajulikana, picha za kabla ya kubomolewa zipo, jina la mnunuzi na la muuzaji yamo katika mkataba, na hesabu ya waliochonga imo katika historia ya nasaba yao. Kilichobaki ni uamuzi wa makumbusho mawili ya Marekani.